Siri Niliyopanda Nayo Melini

Mwezi huu nawapa kisa ambacho marafiki zangu wamekuwa wakiniomba nikiandike kwa muda mrefu: safari yangu na shemeji yenu kwenda Oslo, mji mkuu wa Norway, kwa treni na meli. Najua wengine mnataka kusikia habari za hoteli na maduka. Hizo zipo kidogo. Ila kilichonifanya nikae chini niandike ni barua pepe moja niliyokuwa nimeificha kwenye simu yangu kwa siku 21.

Tuanze mwanzo. Ilikuwa Julai 2023. Tulikuwa tumeshamaliza miaka miwili Hamburg, Ujerumani. Shemeji yenu ni injinia, na mkataba wake ulikuwa unaisha Desemba 2024. Mimi niliacha kazi ya uhasibu Dar nikamfuata, CPA yangu mkononi, nikidhani Ulaya wananisubiri. Jamani! Bila Kijerumani cha kueleweka, CPA ilibaki kwenye bahasha, na mimi nikabaki kutandika vitanda vya hoteli. Sidharau kazi, mshahara ulikuwa unalipa kodi ya nyumba. Lakini kuna siku unatandika kitanda cha kumi na mbili, unajitazama kwenye kioo cha mgeni, unajiuliza, "Hivi huyu ni mimi?"

Nyumbani nako tulikuwa kama wapangaji wawili. Yeye anatoka saa moja asubuhi, mimi naingia zamu ya mchana, narudi saa tatu usiku nimekufa kwa uchovu. Tuliwasiliana kwa vikaratasi kwenye mlango wa friji. "Maziwa yameisha." "Fundi wa bomba anakuja Alhamisi." Hatukuwa tunagombana. Ndiyo maana hatukujua kama tunaumwa.

Basi tarehe 13 Juni nikapokea barua pepe kutoka kampuni moja ya Dar. Walikuwa wananipa nafasi ya kuongoza idara ya uhasibu. Nijibu kabla ya Jumatatu, tarehe 10 Julai. Niliisoma chooni hotelini, nikalia, nikanawa uso, nikaendelea kutandika vitanda. Shemeji yenu sikumwambia.

Mtaniuliza, kwa nini? Mwanzoni nilijidanganya kwamba nasubiri muda mzuri. Leo amechoka, kesho ana kikao. Ukweli ni kwamba niliogopa jibu lolote. Akisema "nenda," maana yake hanihitaji. Akisema "usiende," nitamchukia mpaka mkataba wake uishe. Na bado hapo sijamfikiria mama mkwe, na watu wa mtaani watakavyosema, "Mnamuona? Kaachika huko Ulaya, karudi peke yake."

Safari alipanga yeye, kwa ajili ya kutimiza miaka minne ya ndoa. Mimi nilitaka ndege, maana Hamburg mpaka Oslo ni kama saa moja na nusu tu angani. Akakataa. "Ndege ni ya kufika," akasema. "Mimi nataka kukaa na wewe." Visa haikuwa shida. Norway si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, ila imo kwenye eneo la Schengen, kwa hiyo vibali vyetu vya kuishi Ujerumani vilitosha. Nilipompigia mama kumwambia tunakwenda likizo kwa meli inayobeba na magari, akaguna, "Kumbe pantoni!" Nikamwambia ndiyo mama, pantoni, ila ya kulala.

Tulitoka Jumanne, tarehe 4 Julai. Kutoka Hamburg mpaka bandari ya Kiel ni zaidi kidogo ya saa moja kwa treni ya kawaida, na sisi tulikuwa na zile tiketi za mwezi zilizoanza Mei mwaka huo kwa euro 49 (bei imeshapanda tangu hapo). Tukaweka mabegi juu, kila mmoja akatoa simu yake. Mimi nasoma ile barua pepe kwa mara ya mia, yeye anasoma mambo yake.

Sasa, treni ile ina tabia moja. Ikifika stesheni ya Neumünster inakatwa vipande viwili. Kipande kimoja kinakwenda Kiel, kingine kinakwenda Flensburg, kule mpakani na Denmark. Wanatangaza kabisa, wanaandika na kwenye vioo vya matangazo. Sisi hatukusikia wala hatukusoma. Mama mmoja wa Kijerumani aliyekaa mbele yetu akatazama mabegi yetu, akauliza, "Mnakwenda wapi?" Tukamwambia Kiel. Akaruka! "Hii ni ya Flensburg!"

Wasomaji, tulikimbia. Shemeji yenu begi kichwani kama anahama, mimi viatu mkononi, bakuli la sambusa kwapani. Tukaingia kipande cha pili mlango ukifungwa nyuma yetu. Tukaangukia viti, tukaanza kucheka. Tulicheka mpaka machozi. Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho kucheka naye hivyo, sikukumbuka.

"Mimi nilidhani wewe umeangalia," akasema.

"Na mimi nilidhani wewe."

Kicheko kikakatika hapo hapo. Nadhani wote wawili tulisikia kitu kilekile. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yetu ya miaka miwili: kila mmoja anadhani mwenzake anaangalia tunakokwenda.

Kiel ukishuka treni unafika melini kwa miguu. Unavuka daraja dogo la watembea kwa miguu ambalo linajikunja mara tatu kama kitanda cha safari ili kupisha vyombo vya majini. Ng'ambo yake ndipo inapofunga meli ya Oslo. Na meli yenyewe, wee! Karibu mita 224 kwa urefu. Ndani kuna mtaa mzima wenye maduka na migahawa, na chini magari yamepangwa kama biskuti. Chumba chetu kilikuwa cha bei nafuu, cha ndani kabisa, hakina dirisha. Ushauri wa bure: kama hamna hela nyingi chukueni hicho hicho. Kinawafukuza mtoke nje, na nje ndiko kwenye safari.

Saa nane mchana tukang'oa nanga. Tukakaa juu kwenye benchi, upepo unapiga, Kiel inarudi nyuma taratibu. Tukazima simu. Tulikuwa tumeonywa kwamba baharini simu inashika mtandao wa meli kwa setilaiti, na bili yake inaweza kukulaza na viatu. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza tangu sikumbuki lini, tulikuwa na saa 20 bila simu, bila zamu, bila kikaratasi cha friji. Hakuna mahali pa kwenda. Kesho yake saa nne asubuhi ndiyo tufike Oslo.

Saa za mwanzo tulikuwa kama wageni. Tukala sambusa. Tukasifia bahari. Tukahesabu mashua. Mambo ya kuongea yakaisha! Nikajisemea moyoni, kumbe hatuna mazungumzo, tuna taarifa tu.

Jioni meli ikafika kwenye daraja la Storebælt, Denmark. Daraja hilo lilifunguliwa kwa magari mwaka 1998, na minara yake ina mita 254. Abiria wote wakatoka nje kutazama, maana unapolikaribia unaona kabisa bomba la moshi la meli linakwenda kugonga. Shemeji yenu akawa kwenye raha yake ya uinjinia. "Usiogope, chini yake kuna mita 65. Walishapima." Akanishika mkono. Daraja likapita juu ya vichwa vyetu, watu wakapiga makofi, na mimi nikasikia mdomo wangu unasema, "Baba, nimepata kazi Dar."

Nikamweleza yote. Kampuni, cheo, mshahara, tarehe ya mwisho. Alinisikiliza bila kunikatisha. Nilipomaliza akauliza swali moja tu.

"Barua imekuja lini?"

"Tarehe 13 Juni."

Akahesabu kwa vidole kama mtoto wa shule. "Siku 21." Akaniachia mkono, akaondoka.

Nilikaa pale benchi peke yangu. Majira yale kule juu saa nne usiku ndiyo kwanza jua linazama, na anga halikubali kuwa jeusi. Wenzetu wanapiga picha, wanabusiana, mimi nimeshika bakuli tupu la sambusa. Nikashuka chumbani, nikalala na nguo zangu, nikisikiliza injini. Nilishaanza kupanga maneno ya kumwambia mama.

Alirudi usiku wa manane na vikombe viwili vya chai ya karatasi. Akakaa kwenye kitanda chake, magoti yetu yanagusana maana chumba kilikuwa kidogo. Akasema maneno ambayo sitayasahau.

"Mke wangu, kazi si tatizo. Mimi nakuona unavyorudi usiku. Nilikuwa najua utaondoka siku moja, ama kwenda Dar, ama kuondoka hivyo hivyo ukiwa nyumbani. Kinachoniuma ni zile siku 21. Tumekula pamoja siku 21, umeniambia maziwa yameisha, na hili hukuniambia."

Nikaomba msamaha. Si kwa kutaka kazi, ila kwa kumfungia nje. Halafu akatoa na yeye la kwake. Miezi mingi alikuwa anaiona furaha yangu inapungua, akanyamaza, kwa sababu aliogopa akiuliza nitasema nataka kurudi. Kumbe wote wawili tulikuwa tunalinda ndoa kwa kutoongea! Tulilala kitanda kimoja cha upana wa mkeka, chai ikapoa.

Asubuhi tukaamka meli iko ndani ya fyodi ya Oslo. Fyodi ni mkono mrefu wa bahari ulioingia nchi kavu, na huu una urefu wa kama kilomita 100. Pembeni kuna misitu na vinyumba vyekundu na vya njano vilivyokaa juu ya mawe. Penye wembamba wa Drøbak kuna ngome kwenye kisiwa, inaitwa Oscarsborg. Shemeji yenu alishasoma habari zake. Tarehe 9 Aprili 1940 Wajerumani walipokuja kuivamia Norway, walitanguliza manowari mpya kabisa, Blücher. Ngome ilikuwa na mizinga iliyozeeka ya miaka ya 1890. Mizinga hiyo hiyo na mabomu ya majini vikaizamisha. Mfalme na serikali wakapata muda wa kutoka Oslo.

"Meli mpya, ikazamishwa na kitu cha zamani walichokidharau," akasema, akanitazama. Nikamwambia, "Ujumbe umefika, baba."

Oslo ni ghali, nisiwadanganye. Bei ya kahawa na keki kule unakula mchana mzima kwetu na chenji inabaki. Lakini vitu vingi vizuri ni vya bure. Jumba la opera, lililofunguliwa 2008, paa lake limejengwa kwa mteremko wa mawe meupe kutoka majini, na watu wanaruhusiwa kulipanda kwa miguu mpaka juu. Bustani ya Vigeland haina kiingilio. Ndani yake kuna sanamu zaidi ya 200 za mchongaji Gustav Vigeland, na katikati kuna mnara wa jiwe moja wenye miili 121 ya watu waliopandana, wengine wanabebana, wengine wamelaliana. Tulizunguka pale saa nzima. Shemeji yenu akasema, "Hawa angalau wanagusana."

Siku ya pili tukaenda ukumbi wa jiji, jengo la matofali mekundu lenye minara miwili pale karibu na bandari. Ndimo inamotolewa Tuzo ya Amani ya Nobel kila tarehe 10 Desemba. Nilisimama katikati ya ule ukumbi mkubwa nikamkumbuka Wangari Maathai wa Kenya, aliyeipokea humo mwaka 2004, mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata tuzo hiyo. Na mwaka 2018 akasimama humo Dokta Denis Mukwege wa Bukavu. Watu wa kwetu kabisa!

Nikamsimulia shemeji yenu kisa cha jina la Wangari. Ndoa yake ilivunjika miaka ya 1970, na aliyekuwa mumewe, anayeitwa Mathai, akamtaka aache kutumia jina lake. Mama wa watu hakuliacha. Aliongeza herufi moja tu, "a" ya pili, likawa Maathai, likawa lake.

Shemeji yenu akafikiria kidogo. "Basi mimi naomba sisi tusifike kwenye kuongeza herufi." Nilicheka mpaka mlinzi akageuka.

Uamuzi tuliufanyia kisiwani. Tiketi ya usafiri wa mjini Oslo inakuruhusu pia kupanda boti za kwenda visiwa vilivyo kwenye fyodi, na tukachagua Hovedøya, ni dakika chache tu. Kuna magofu ya nyumba ya watawa iliyoanzishwa mwaka 1147, na watu wanaota jua kwenye majani. Tukakaa kivulini na mkate na jibini, tukatoa kalamu na risiti ya duka. Si mapenzi tu jamani, ndoa inataka na kalamu!

Tukaandika mambo manne. Kwanza, naikubali kazi na ninaondoka Septemba. Pili, yeye anamaliza mkataba wake Desemba 2024 anarudi, bila kuongeza. Tatu, kila Jumapili jioni tunaonana kwa video, hata kama hakuna la kusema. Nne, jambo lolote kubwa lisilale usiku mmoja bila mwenzako kulijua. Tukatia sahihi wote wawili. Mama mkwe akampigia yeye mwenyewe, kabla sijafika Dar, akamwambia, "Mama, sijamuacha na hajaniacha. Amepata kazi." Wadada, mume akikufanyia hivyo, mpikie pilau.

Tulirudi Kiel Jumapili. Jumatatu asubuhi nikajibu ile barua pepe, yeye amekaa pembeni yangu.

Sasa msidhani baada ya hapo ilikuwa asali tupu. Tulikaa mbalimbali miezi 15. Februari 2024 tuligombana vibaya juu ya hela ya kodi, tukaruka Jumapili mbili. Kuna usiku nililala na simu kifuani nikajuta kila kitu. Lakini hakuna aliyekuwa na siri. Nilipokuwa namuogopa nilimwambia namuogopa. Desemba 2024 nilikwenda uwanja wa ndege kumpokea, na kitu cha kwanza alichotoa kwenye pochi ni ile risiti ya Oslo, imefifia mpaka maandishi ya duka hayasomeki, ila sahihi zetu zipo.

Kwa hiyo mpenzi msomaji, kabla sijakuaga nikuachie machache:

Chagueni safari ya taratibu. Si lazima Norway! Boti ya Unguja ni kama saa mbili, treni ya SGR inakwenda mpaka Dodoma. Muhimu ni kukaa pamoja mahali ambapo hamuwezi kukimbiana.

Zimeni simu, wote wawili, siyo mmoja. Ule ukimya wa mwanzo unatisha. Uvumilieni, unapita.

Kama una la kusema, liseme mwanzo wa safari. Mimi nilibahatika kulisema mapema, tukabakiwa na siku tatu za kulifanyia kazi. Ningesubiri njia ya kurudi, tungerudi na bomu nyumbani.

Na mwenzako akikuambia jambo zito, akiondoka kidogo, mwache apumue. Wa kwangu alihitaji saa kadhaa na vikombe viwili vya chai.

Wewe unayesoma hapa, je, kuna barua pepe gani kwenye simu yako? Siku ya ngapi leo?

Tukutane toleo lijalo. Pendaneni!